Kikojozi si muuaji wa kesho

Mwaka 1999 Mbeya ilitikiswa na mauaji ya watu waliokutwa wamechunwa ngozi. Miaka 20 baadaye, kilio kikahamia Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012: watoto waliuawa na kukatwa viungo. Mara zote mbili watu waliuliza, mtu wa namna hii alilelewaje?

Mauaji hayo yalihusishwa na ushirikina wa kusaka utajiri. Kuna mganga, kuna mnunuzi, kuna anayetumwa. Chanzo chake kitafutwe kwenye fedha kabla ya kwenye malezi. Muuaji wa mfululizo ni mwingine. Huua mtu mmoja mmoja, kwa vipindi, akisukumwa na kiu yake mwenyewe. Masten Wanjala, kijana wa Kenya aliyekamatwa Julai 2021, polisi walisema alikiri kuua watoto zaidi ya 10. Oktoba alitoroka mahabusu Nairobi, na wananchi wakamuua huko Bungoma. Uchungu wao unaeleweka, lakini kesi ilikufa naye, na lile swali la malezi likabaki bila jibu.

Utoto wa mateso una mchango, ila si kama watu wanavyodhani. Mtafiti wa Marekani, Cathy Spatz Widom, alifuatilia watoto 908 walioteswa au kutelekezwa, akawalinganisha na wenzao 667 wa rika na mazingira yaleyale. Kwa mujibu wa matokeo yake ya 1989, waliokuja kukamatwa kwa makosa ya ukatili walikuwa takriban 11 katika kila 100. Kwa wale wenzao, 8. Tofauti ipo. Lakini 89 hawakukamatwa kwa makosa hayo. Hapa kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo peke yake kingezaa wauaji, nchi isingekalika.

Linaloniudhi zaidi ni orodha ya dalili tatu aliyoitoa daktari J. M. Macdonald mwaka 1963: kukojoa kitandani, kuchoma moto vitu, kutesa wanyama. Tafiti za baadaye hazikuithibitisha kama utabiri wa muuaji. Mtoto anayefurahia kumtesa mbwa anahitaji msaada mapema, hilo ni kweli. Kikojozi hana kosa lolote. Hata hivyo, asubuhi ya Juni kule Mufindi, baridi ikiuma, utamkuta mtoto wa miaka saba amebebeshwa blanketi lililolowa, anatembezwa nje huku wenzake wakimzomea. Aibu ya namna hiyo ndiyo inayomfundisha kuwa watu ni wa kuogopwa. Mtoto anayeishi kwa hofu mwili wake hukaa macho muda wote. Hata uso usio na neno huuona kama tishio, akarusha ngumi kabla hajaguswa.

Wengi walioteswa utotoni hunusurika kwa sababu walipata mtu mzima mmoja wa kuaminika: bibi, mjomba, mwalimu. Na mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kwa miezi sita, kisha akaanza tena, apelekwe zahanati apimwe mkojo na sukari. Vipimo vikiwa safi, akae na mtu anayemwamini, wawili tu, aulizwe taratibu ni nani anayemtisha. Akitaja jina, hata kama ni la ndugu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116. Simu hiyo ni ya bure.