Kebirigo: Maji ya Barabara Yataingia Shamba la Nani?

Kuwauliza wakazi wa Kebirigo iwapo wanataka barabara ni kupoteza muda. Nani atakataa? Soko lao liko kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Chemosit, na kiwanda cha chai chenye jina hilohilo kinategemea majani yanayochumwa kwenye vilima vinavyolizunguka. Lori likikwama kwenye tope kabla ya kufika kituo cha kununulia, majani yaliyochumwa asubuhi huanza kuharibika kabla jua halijatua. Swali lenye kazi ni jingine, nalo barazani huulizwa kwa nadra: maji yakishatolewa barabarani, yaingie shamba la nani?

Nyamira ni nchi ya miteremko, udongo mwekundu na mvua isiyokauka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti yenye kilomita mraba 899 hivi, yaani zaidi ya watu 670 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa vizazi kwa vizazi yakabaki vipande vyembamba vinavyoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Barabara za vijijini, ambazo nyingi ni za murram, hukata vipande hivyo kwa juu. Hakuna tone litakalofika mtoni bila kupita kwa mtu.

Mkandarasi asiyejua hayo huchimba mtaro na kuuelekeza panapomrahisishia, pengine katikati ya boma la mama mjane ambaye siku ya mkutano alikuwa shambani akichuma chai. Mama haandiki barua ya malalamiko. Anaziba mtaro kwa mawe na vigogo vya migomba, na maji yanarudi barabarani. Misimu miwili baadaye murram yote iko bondeni, na watu wanalaumu malori. Ikiwa ni lami, hufa polepole zaidi, lakini kwa ugonjwa uleule: maji huingia chini ya kingo, tabaka la chini linalainika, mashimo yanatokea. Kuweka lami mpya juu ya msingi uliolowa ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Kisheria, mwananchi ana nafasi ya kusema. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa umma kati ya maadili ya kitaifa, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baya ni kwamba funzo ambalo maofisa wengi walilipata pale ni kukusanya sahihi. Orodha ya waliohudhuria siku hizi hutunzwa kama risiti.

Tena kuna kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Anayengoja kuitwa wakati makadirio yako mezani atakuta barabara zimeshachaguliwa. Atabaki kuomba yake isifutwe. Wa kusikilizwa ni yule aliyepeleka ombi lake Agosti.

Lipelekwe wapi, basi? Barabara kuu iko chini ya serikali ya kitaifa. Hizi ndogo zimezua mvutano kati ya kaunti na KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Ushuru wa mafuta wa kutunza barabara ulipandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita, na magavana na wabunge wakavutana juu ya mgao wake. Bodaboda anayelipa ushuru huo kila anapojaza tangi hajali ni ofisi gani, ila ombi likienda kwa ofisi isiyohusika litakaa humo mwaka mzima.

Mkutano wa maana kuliko yote hauhitaji hema wala vipaza sauti. Ni injinia kutembea barabara yote pamoja na wenye mashamba ya upande wa chini, mvua ikinyesha, kabla ya michoro kukamilika. Hapo ndipo inapojulikana karavati ikae wapi, mtaro ukate mara ngapi ili maji yasikusanye nguvu, na ua wa nani umeingia kwenye hifadhi ya barabara. Mawe ya mpaka yaonyeshwe wakati huo, si siku greda limeshafika. Abagusii wana risaga, kazi ya pamoja ya majirani wa kilima kimoja, na hao ndio wanaojua maji yalipita wapi kabla ya barabara kuwapo. Makubaliano yaandikwe na kuingizwa kwenye kandarasi, maana ahadi ya mdomo kuhusu karavati haina bei, na kisicho na bei hakijengwi.

Kazi ikishakabidhiwa, kandarasi huacha kipindi ambacho mkandarasi hulazimika kurudi kurekebisha kasoro, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa hadi kipindi hicho kiishe. Wakazi waulize mapema kinaisha lini. Mvua za Machi hadi Mei zikiangukia ndani yake, wapige picha za kila mtaro uliobomoka, waandike tarehe na mahali, wazipeleke kwa injinia kabla hajatia sahihi ya mwisho.