Kelele za Redio: Ni za Mtu au za Ngurumo?

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu, redio hukoroma zaidi majira ya mvua, yaani Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Mwenye redio hukasirika, akainunulia betri mpya, na kelele zikabaki vile vile. Yafaa kwanza kujua kelele hizo zatoka wapi, maana kila namna ina dawa yake.

Wako watu wanaozungumza kwa redio kwa kujifunza na kujifurahisha, bila kutafuta faida. Hapa Kenya alama yao ya kuitana ilikuwa VQ4 wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru wa 1963 ikawa 5Z4. Watu hao wamezipa kelele majina. Mawili makuu, waliyoyarithi kwa wapiga simu ya upepo wa zamani, ni QRM na QRN. Msomaji aweza kuyakumbuka hivi: M ni ya mtu, N ni ya ngurumo.

QRN ni mpasuko wa radi, hata iliyo mbali sana. Husumbua mawimbi ya kati na mafupi. Dawa yake ni kungoja itulie, au kufungua FM, kama Muuga kwa Kimeru au Wimwaro kwa Kiembu. Radi haiisumbui sana FM, ila vilima huizuia. Mwenye waya wa nje na auchomoe kabla mvua ya radi haijafika.

QRM hutoka kwa watu. Kati ya 1976 na 1989, wasikilizaji wa mawimbi mafupi duniani walisumbuliwa na mlio uliogonga mara kumi kwa sekunde. Wakauita Kigong'ota, yule ndege atoboaye miti. Kumbe ulikuwa mtambo wa Wasovieti karibu na Chernobyl, wa kuvizia makombora. Siku hizi mkosaji mara nyingi yumo nyumbani: chaja ya simu, taa ya LED, au kisanduku cha umeme wa jua. Zima kimoja kimoja. Kelele ikikoma, umempata.

Namna ya tatu huitwa "ndege": miluzi inayozaliwa ndani ya redio yenyewe. Chomoa waya wa nje. Ikiendelea kulia, usimlaumu jirani.

Ajuaye hayo hatatupa fedha kwa betri asizozihitaji, naye atasikia habari za mvua apate kupanda kwa wakati.