Kabati la Santuri: Usiifute Kazi ya Fundi

Wengi wetu tusikiapo neno gramafoni hukumbuka papo hapo lile baragumu kubwa lililofunua kinywa kama ua, na mbwa ameketi mbele yake akitega sikio. Picha ya mbwa yule ilichorwa na Mwingereza Francis Barraud, nayo ikawa alama ya biashara iliyobandikwa katikati ya sahani za santuri zisizo na idadi. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928, kutoka Unguja hadi Bombay, alikwenda kutiwa sauti katika sahani zenye alama hiyo, na waliozisikiliza pwani hii walikuwa wengi kupita waliokuwa na gramafoni majumbani mwao.

Lakini leo hatutazami baragumu, wala mbwa. Twalitazama kabati. Kwa maana iko namna ya gramafoni isiyo na baragumu la kuonekana, na wako watu katika nchi mbalimbali, Marekani hasa, wanaoyatafuta makabati hayo, wanayanunua yakiwa yamechakaa na kuyarudisha katika hali yake. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo wengi wanaoifanya huyaharibu kwa nia nzuri, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mwaka 1906 kiwanda cha Victor Talking Machine, kilichokuwa mjini Camden katika Jimbo la New Jersey, kilitoa chombo kilichoitwa Victrola. Eldridge Johnson, mwenye kiwanda, alikuwa amefahamu kwamba watu wenye sebule nzuri hawakulipenda baragumu: hukusanya vumbi, hugongwa na wapitao, na halifanani na kiti wala meza. Basi akalielekeza chini na kulificha ndani ya kabati la mbao, nyuma ya milango miwili midogo. Mwenye nyumba aliyetaka sauti kubwa aliifungua milango ile wazi. Aliyetaka sauti ya chini aliifunga nusu. Juu palikuwa na kifuniko cha kuzuia mkwaruzo wa sindano, na chini mahali pa kuwekea sahani. Hapo gramafoni ikaacha kuwa mashine iliyowekwa sebuleni, ikawa samani miongoni mwa samani.

Chombo hicho cha kwanza kiliuzwa dola 200. Kuzipima dola hizo, na tukumbuke kwamba Henry Ford alipotangaza mwaka 1914 kuwalipa wafanyakazi wake dola 5 kwa siku, mshahara huo ulistaajabiwa ulimwengu mzima. Na hata mtu wa mshahara huo angetoa jasho la siku 40 kamili, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba, ndipo akinunue. Hapana shaka maelfu ya waliokata mbao, waliogundisha na waliosugua makabati yale hawakupata kuwa nayo. Mwaka 1911 kiwanda kilitoa kikasha cha mezani cha mti wa mwaloni, hakina kifuniko, kwa dola 15, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kukaribia. Leo wapenda makabati wengi hukidharau kikasha hicho. Sisi twadhani ndicho cha kuheshimiwa kuliko vyote.

Enzi ile haikudumu. Redio iliingia majumbani katika miaka ya 1920. Kiwanda kikajibu mwaka 1925 kwa makabati mapya ya sauti bora zaidi, yaliyokuwa na baragumu lililokunjwa kwa hesabu ya wahandisi. Na mwaka 1929 chenyewe kikanunuliwa na RCA, kampuni ya redio. Makabati ya zamani yakatupwa ghalani. Mengine yalipatwa na jambo baya zaidi: yaling'olewa mashine, yakatiwa rafu, yakawa kabati la chupa za pombe. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hufungua kifuniko kabla ya kuulizia bei. Akikuta tundu la mkono wa kuzungushia limezibwa kwa kipande cha mbao, na sahani ya kuzungukia haipo, ajue anauziwa ngozi bila mnyama.

Sasa tuje katika urekebishaji wenyewe. Mtu hununua kabati la mahogani, mbao iliyo jamaa ya mkangazi wetu, akaliona jeusi kama mkaa. Mara huleta dawa ya kubandua rangi, kisha msasa, kisha vanishi mpya ya duka. Kwa siku mbili kabati lang'aa kama limetoka kiwandani jana. Na kwa siku hizo mbili ameondoa jambo ambalo hawezi kulirudisha asilani. Uso wa makabati mengi si mbao nene. Ni utando mwembamba wa mbao iliyochaguliwa kwa uzuri wa mistari yake, ukagundishwa juu ya mbao ya kawaida. Msasa ukipita kidogo tu pembeni, utando umekwisha, na mbao duni ya chini yatokeza kama mfupa.

Afadhali kuanza kwa kuuliza. Weus ule mara nyingi si rangi ya kabati. Ni moshi, mafuta ya mikono na vanishi iliyozeeka. Fundi mwangalifu huchagua mahali pasipoonekana, nyuma au chini ya kifuniko, akapagusa kwa pamba yenye tone la spiriti. Ikiwa ngozi ya juu yalegea na kunata, hiyo ni shelaki, na shelaki ina tabia ya ajabu: haifi. Hata iwe imepasuka vipande vipande kama mgongo wa mamba, yaweza kuyeyushwa pale pale ilipo kwa brashi yenye spiriti, ikatiririka, ikaungana tena na kukauka. Kabati huponywa kwa ngozi yake lenyewe. Ikiwa spiriti haikufanya lolote, basi ni vanishi ya aina nyingine, na huenda kusafisha kwa upole na kupaka nta kukatosha.

Shelaki yenyewe ina habari yake. Hutokana na utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wakaao juu ya matawi ya miti, India hasa. Utomvu huo ndio uliopakwa juu ya samani zikang'aa, na utomvu huo huo, ukichanganywa na unga wa mawe na weusi wa masizi, ndio uliofinyangwa kuwa sahani za santuri. Kwa hiyo wimbo na kabati la kuupigia vilikuwa na asili moja, na vyote viwili huharibiwa na adui mmoja, yaani spiriti. Tahadhari, basi: usiifute sahani ya zamani kwa spiriti ukidhani unaisafisha.

Gundi nayo ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Unyevu huilegeza, ndiyo maana kabati lililokaa stoo yenye maji hubanduka utando na kuachia maungio. Watu huona huo ni udhaifu. Kumbe ni rehema, kwa sababu kilicholegezwa na joto na unyevu chaweza kufunguliwa bila kuvunjwa, kikasafishwa na kugundishwa upya kwa gundi ya jinsi ile ile. Anayemimina gundi ya kisasa isiyofunguka amemfungia mlango fundi atakayekuja baada yake. Tena jambo hili si la macho pekee. Katika Victrola baragumu la mbao ni sehemu ya kabati, na maungio yakiachia, sauti hutetemeka na kupayuka. Seremala hapo ndiye fundi wa muziki.

Mashine hatutaisema sana. Grisi ya zamani hugeuka gundi, yapasa iondolewe. Mpira wa kichwa cha sauti huwa mgumu kama jiwe, yapasa ubadilishwe. Lakini kiwambo chake cha ulanga, madini yaliyochimbwa hata katika milima yetu ya Uluguru, aghalabu ni kizima. Springi kuu ina nguvu ya kumkata mtu vidole, na asiyejua asiifungue kopo lake. Sindano ya chuma hutumika upande mmoja wa sahani na kutupwa. Sahani laini za plastiki zilizokuja baadaye zisiwekwe hapo hata kwa mzaha, maana uzito wa mkono ule utazilima kama jembe.

Yako pia magramafoni ya uongo. Siku hizi huundwa mengi, India hasa, kwa kisanduku kipya na baragumu la shaba linalometameta, likabandikwa picha ya yule mbwa na kuuzwa kuwa ni ya kale. Mtu atazame ndani. Kabati la Camden lina kibao chenye jina la aina yake na namba, na mara nyingine, penye mbao isiyopakwa kitu, utaona alama ya penseli iliyoachwa na mkono wa mfanyakazi. Yule aliyepiga msasa ndani na nje aliifuta hiyo pia.

Kabati likisha kuunganishwa na kukauka, fundi huzungusha mkono, huweka sahani, hushusha sindano, na hufunga kifuniko. Milango ya mbele bado imefungwa, na wimbo wasikika kama unatoka nyumba ya jirani. Kisha huifungua, mmoja baada ya mwingine.