Mpira Upi, Mafuta Gani?

Kwa muda wa majuma mawili nilisafiri baina ya Kitale na Bungoma kwa gari ambalo breki zake zilikuwa zimeharibiwa na maneno. Msomaji asidhani natia chumvi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, stesheni wagoni, aina ile iliyowabeba wasafiri wa magharibi ya Kenya kabla ya Nissan kuipokonya kazi. Marehemu baba yangu ndiye aliyeniachia. Aina hiyo ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hapa nchini pia iliunganishwa. Chuma chake kingali imara. Kinachonishinda ni mpira.

Charles Goodyear, aliyepewa hataza mwaka 1844 kwa ugunduzi wa kuupika mpira pamoja na salfa, aliupa nguvu. Hakuupa uzima wa milele. Jua huupasua na joto huukausha. Mpira wa kioo cha mbele ulipopasuka, mvua ya Kitale, ambayo haina adabu, ikawa inanilowesha magoti. Fundi mmoja wa jua kali alikata ukanda wa tyubu kuukuu, akaubandika kwa gundi. Baada ya msimu mmoja ukaanza kuvuja. Sikulalamika, kwani kulowa magoti hakuui mtu.

Breki ni jambo jingine. Silinda ndogo za magurudumu ya nyuma zilipoanza kuvuja, niliingia katika duka la vipuri nikaomba, kwa Kiswahili changu cha darasani, "mpira unaostahimili mafuta." Muuzaji akanipa mpira unaostahimili mafuta. Hakunidanganya hata kidogo. Juma la pili, karibu na Kamukuywa, nikasikia harufu ya kuungua. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limeshikwa na breki isiyotaka kuachia, na ngoma yake haikugusika kwa moto. Kiti cha nyuma walikuwamo wanafunzi wanne niliowapa lifti.

Nilijikokota hadi Bungoma kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mwembe na mabati matatu. Alipofungua silinda, mpira mpya ulikuwa umevimba kama maharagwe yaliyolazwa majini.

"Mwalimu, uliomba mpira wa nini?"

"Wa mafuta, mzee wangu. Mafuta ya breki."

Akacheka. "Breki haina mafuta."

Ama kweli, haina. Tunasema "mafuta ya breki" kama tusemavyo mafuta ya taa na mafuta ya kupikia, lakini kiowevu kilichomo katika breki za kawaida ni cha jamii ya glaikoli, wala hakina undugu na oili ya injini. Mpira wa naitrili, ambao huizuia oili vizuri sana, huvimba ndani ya kiowevu hicho. Ule wa EPDM, unaokaa salama ndani yake, huvimba ukipata petroli au oili. Hata kuusafisha kwa petroli, kama wafanyavyo wengi, ni kuuharibu. Kwa macho yote miwili ni meusi. Kwa Kiswahili yote miwili ni mpira, kama ulivyo ule wa wanasoka.

Mzee ana chupa mbili za kioo, moja ya petroli na moja ya kiowevu cha breki. Mpira asioujua huukata vipande viwili, akavitumbukiza humo usiku kucha. Asubuhi alinionyesha kipande kilichonenepa. "Huu unakunywa breki," akasema. "Ule mwingine unakunywa petroli." Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, nami sijapata kusikia istilahi iliyo wazi kuliko kitenzi hicho. Mwenzangu mmoja idarani amependekeza "kizibo-nyumbufu". Mungu ampe afya.

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini boksi la kipuri halina habari. Wanagenzi wawili wa mzee yule wanasoma vizuri. Hata hivyo herufi NBR na EPDM hakuna aliyewafafanulia, wala hawatazikuta katika fasihi tunayowatahini. Nasi wa vyuoni huunda istilahi tukiwa tumeketi penye viyoyozi, kisha tunashangaa mbona hazitumiki. Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari ya msingi na yule wa masomo ya ufundi waandamane siku moja na wanafunzi wao hadi gereji, wabebe daftari, wayaandike maneno jinsi yanavyosemwa. Chupa mbili watazikuta huko.

Raba zangu mpya zilitoka Nairobi. Mzee alikataa kuzifunga kabla hazijalala usiku mmoja katika kiowevu cha breki, nami nikalala Bungoma nikizisubiri. Mpira wa kioo bado sijaupata.