Kovu la Moto Linapochimbuka Upya

Mwaka 2012 daktari wa upasuaji Phillipo Chalya na wenzake wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha uchambuzi wa majalada ya wagonjwa 56 walioota saratani ya ngozi juu ya makovu na vidonda vya zamani. Karibu tisa kati ya kila kumi walikuwa na kovu la moto. Tangu kuumia hadi saratani kugundulika ilipita wastani wa miaka 11, na sehemu iliyoathirika zaidi ilikuwa miguu. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, kwa hiyo mgonjwa wa Nyaishozi, huku Karagwe, akishindikana katika hospitali za Nyakahanga na Bukoba, huishia huko. Kwangu mimi, utafiti huo unahusu matibabu ya moto kuliko unavyohusu saratani, maana jambo zito kuliko yote ndani yake ni hili: wachache tu kati ya watu hao walipandikizwa ngozi walipoungua.

Jeraha la moto lililofika chini ya ngozi halina mbegu ya kuotesha ngozi mpya katikati. Hujifunga kutoka pembeni, polepole, kwa kujivuta. Ndiyo maana mtoto aliyetumbukia kwenye mafiga, au mwenye kifafa aliyeangukia jikoni, hubaki na goti lililokunjika. Kovu hilo ni jembamba, halina mishipa ya kutosha wala jasho, na kila goti linaponyooka hupasuka. Linapona, linapasuka, linapona tena. Chembe zinazolazimishwa kujizalisha hivyo mwaka hadi mwaka mwishowe huweza kukosea, na makosa yakilimbikizana huwa saratani. Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza vidonda vya aina hii mwaka 1828, na jina lake limebaki navyo. Wengi huku huviita kidonda ndugu, wakavifunga bandeji miaka nenda rudi. Kingo zikivimba, zikinuka na kutoa damu, bado wanabadilisha dawa tu.

Atasema mtu kwamba wagonjwa 56 ni wachache, tena majalada huonyesha waliofika hospitali tu. Ni kweli, na ndiyo sababu utafiti huo hauwezi kutuambia ni makovu mangapi kati ya elfu yatageuka. Makovu mengi hayageuki kamwe; mwenye kovu lililotulia asipoteze usingizi. Ila waliokufia nyumbani bila kupimwa hawamo katika hesabu, kwa hiyo kasoro hiyo inaupunguza ukubwa wa tatizo, haiuzidishi. Pingamizi la umbali ni zito zaidi: nani atauza mbuzi aende Mwanza kwa kidonda kisichouma? Lakini hatua mbili za maana hazihitaji Mwanza kwanza. Jeraha la moto lisilofunga ndani ya wiki tatu lionwe na daktari wa upasuaji kwa ajili ya kupandikizwa ngozi, kazi ya zamani ambayo huchukua utando mwembamba wa paja la mgonjwa mwenyewe. Na kovu la zamani likichimbuka, kidonda kisipofunga kwa mwezi, kikatwe kipande kidogo cha nyama pembeni mwake ili kipimwe. Kipande hicho kikiwekwa kwenye chupa ya fomalini husafiri peke yake hadi maabara, na mgonjwa akabaki Karagwe akisubiri jibu.