Ukitafuta habari za Kilifi mtandaoni, anza na majina

Desemba 12, 1970, Wakenya wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali. Kwa heshima ya siku hiyo, ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Sasa mpe mwanafunzi wa Malindi kazi ya kutafuta magazeti ya wiki ile yaliyoandika habari hizo. Ataingia kwenye hifadhidata ya magazeti ya maktaba, aandike “Uhuru”. Yatamiminika: bustani ya Uhuru, barabara ya Uhuru, siasa za uhuru za nchi nzima, na Rais Uhuru Kenyatta kuanzia juu hadi chini. Akiandika “Ngomeni”, huenda asipate kitu. Kwa mhariri wa Ulaya au Marekani, tukio lilikuwa “pwani ya Kenya”, au “San Marco”, jina la jukwaa lenyewe, au Ghuba ya Formosa, jina ambalo ramani za zamani ziliipa Ghuba ya Ungwana.

Habari zipo, ila aliyezitafuta hakujua zimeandikwa kwa jina gani. Akiandika “San Marco” pamoja na “Kenya”, kisha akafunga tarehe kati ya Desemba 10 na 31, 1970, orodha itapungua hadi kiasi cha kusomeka jioni moja.

Hapo ndipo hifadhidata ya maktaba inapotofautiana na Google tuliyoizoea kwenye simu. Google hukisia: ukikosea herufi itakusahihishia, ukiuliza nusu itakumalizia. Hifadhidata nyingi za magazeti hazina huruma hiyo. Zinalinganisha herufi ulizoandika na herufi zilizomo, basi. Faida yake ni kwamba zinakutii: ukiziambia mwaka, gazeti na ukurasa wa kwanza tu, zitakuletea hicho hicho.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013, wamezoea mambo haya. Vyuo vya Kenya hununua haki ya kusoma hifadhidata za nje kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba unaoitwa KLISC, ulioundwa mwaka 2003, kwa sababu bei yake hukishinda chuo kimoja kimoja. Mwanafunzi huingia kwa nenosiri la chuo. Lakini hata asiye na chuo ana mahali pa kuanzia bila kulipa ila bando. Maktaba ya Taifa ya Australia imeweka magazeti yake ya zamani kwenye Trove, na humo zimo taarifa za Afrika Mashariki zilizofika huko kwa simu ya maandishi kupitia London. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya, ambalo matoleo yake yanarudi nyuma hadi 1899, linasomeka mtandaoni pia. Anayefuatilia shamba la babu au mipaka ya msitu asianzie pengine.

Kwa wenyeji wa Malindi kuna hazina nyingine isiyotajwa sana. Gazeti la La Stampa la Turin limefungua bure kumbukumbu zake za kuanzia 1867 hadi 2006. Kijana wa ufukweni aliyejifunza Kiitaliano kwa watalii anaweza kuandika “Malindi” mle na kusoma jinsi mji wake ulivyosimuliwa huko Italia, kuanzia zama za roketi za San Marco hadi zama za hoteli. Profesa wa Nairobi asiyejua lugha hiyo hana njia hiyo.

Ugumu wenyewe huanza unaporudi nyuma zaidi. Chukua mfano wa Mekatilili wa Menza. Alikamatwa Oktoba 1913 kwa kuwahamasisha Wagiriama wakatae kodi na kazi za serikali, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao mwaka uliofuata. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Mwezi huo huo Uingereza iliingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na kurasa za magazeti zikajaa Ubelgiji na Ufaransa. Anayetafuta kwa jina la Mekatilili peke yake hatafika mbali. Kilichoshughulisha magazeti ya walowezi kilikuwa “fujo za Wagiriama”, si mwanamke aliyeziongoza.

Kwa hiyo andika kabila, tena kwa kila tahajia: Giriama, Giryama, Wagiriama. Ongeza Wanyika, jina la dharau walilobandikwa Mijikenda kabla ya jina lao wenyewe kuenea miaka ya 1940. Linaudhi, lakini ndilo lililochapwa. Kati ya jina na jina weka neno OR kwa herufi kubwa, ili mtambo ulete lolote kati ya hayo. Kumbuka pia kwamba kabla ya 1920 nchi hii haikuitwa Kenya. Kwenye magazeti ilikuwa British East Africa.

Hata hapo, herufi zinaweza kukuangusha. Kurasa za kale zilipigwa picha, kisha kompyuta ikazisoma na kuzigeuza maandishi. Wino ukiwa umefifia, herufi i husomwa kama l, na Giriama akageuka Girlama. Hifadhidata nyingi hukuruhusu kuweka alama ya kuuliza au kinyota mahali pa herufi unayoishuku. Nyingine hazikuruhusu, na hapo inabidi uandike kosa lenyewe kama lilivyo.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Mto unaomwaga maji baharini kaskazini mwa Malindi ni Sabaki kwa watu wa huku, Galana kwa wa juu kidogo, na Athi kwa watu wa bara. Anayetafuta habari za mafuriko ayaandike yote matatu. Magofu ya Gede huandikwa Gedi kwenye vitabu vya James Kirkman, aliyeyachimba kuanzia 1948, na ni kwa tahajia hiyo yalivyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Kaunti ya Kilifi ilianza kazi 2013; ukitafuta “Kilifi County” kwenye gazeti la 1985 hutaipata kaunti hiyo. Wakati huo ilikuwa Wilaya ya Kilifi, Mkoa wa Pwani. Majina ya watu ni vivyo hivyo: Swaleh wa kwenye kaburi anaweza kuwa Saleh kwenye gazeti rasmi na Salehe kwenye hati ya shamba.

Kiswahili chenyewe kina shida ambayo watengenezaji wa hifadhidata hawakuifikiria. Kinyota kile huwekwa mwisho wa shina ili kuzoa maneno yote ya ukoo mmoja, kwa kuwa Kiingereza hubadilikia mwishoni. Sisi tunabadilikia mwanzoni. Mvuvi, wavuvi na uvuvi ni ukoo mmoja, lakini kwa mtambo hayana uhusiano wowote, na hifadhidata nyingi hukataa kinyota kikitangulia. Dawa ni kuyaandika yote, ukiweka OR katikati.

Shida hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hii: magazeti ya Kiswahili yaliyowekwa mtandaoni ni machache kuliko ya Kiingereza. Gazeti la Baraza lilianza 1939, na Taifa Leo limekuwa likitoka tangu miaka ya 1960, lakini anayezama kwenye hifadhidata za kimataifa hukutana zaidi na waandishi wa Nairobi na London. Asipoona mgogoro wa wavuvi wa Watamu au wa maskwota wa Magarini, asikate shauri kwamba haukutokea. Huenda uliandikwa kwenye gazeti ambalo bado limefungwa kamba kwenye rafu.

Kazi hiyo ya rafu ni yetu. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na kaunti inaweza kuamua magazeti ya Kiswahili yenye habari za Pwani yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Inaweza pia, kwa gharama ya karatasi na kalamu tu, kumtaka kila mkutubi aweke orodha ya majina ya kale ya vijiji, mito, koo na kaya, kwa kila tahajia. Penye wazee hapaharibiki neno: wanaoyajua majina hayo wako Chakama, Ganze na Mambrui, na wengi wao hawajawahi kugusa kompyuta. Mwanafunzi aende kwao kwanza na daftari, ndipo akae mbele ya kisanduku cha kutafutia akijua la kuandika.