Anayeanza Kusoma Kiswahili Hahitaji Ratiba ya Kiingereza

Mzazi anayeamua kumfundisha mtoto kusoma nyumbani ana sababu zake. Pengine shule iko mbali, pengine darasa limejaa mno, pengine familia inaishi ughaibuni ambako hakuna shule inayofundisha Kiswahili. Jambo la kwanza analofanya ni kutafuta ratiba iliyokwisha kupangwa, na ratiba nyingi anazozikuta kwenye intaneti zimetungwa kwa ajili ya mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza. Zina miaka miwili au mitatu ya masomo ya herufi na sauti zake, orodha ndefu za maneno ya kukaririwa kwa macho kwa kuwa tahajia yake haifuati kanuni, na majaribio ya tahajia kila wiki. Mzazi huichukua ratiba hiyo, huondoa maneno ya Kiingereza, hupachika ya Kiswahili, akaridhika kwamba amepata mpango. Ninavyoona mimi, mpango wa namna hiyo humwonea mtoto mara mbili. Humchelewesha pale ambapo maandishi ya lugha yake ni mepesi, kisha humwacha bila msaada pale yanapokuwa magumu.

Wepesi wenyewe si jambo la kudhania tu. Mwaka 2003 watafiti Philip Seymour, Mikko Aro na Jane Erskine walichapisha kazi iliyolinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Ilipofika mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, watoto waliosoma Kifini, Kigiriki, Kiitaliano na Kihispania walitamka sawasawa zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Wenzao wa Scotland waliokuwa wakisoma Kiingereza walipata kama asilimia 34. Haikuwa kwamba watoto wa Scotland walikuwa wazito wa akili au walimu wao wavivu. Watafiti walielekeza kidole kwenye mambo mawili: namna tahajia inavyolingana au kutolingana na matamshi, na namna silabi za lugha zilivyoundwa. Kiswahili hakikuwamo katika utafiti huo, lakini kikipimwa kwa mizani hizo mbili kinakaa upande wa Kifini na Kiitaliano. Kina irabu tano, na kila irabu ina sauti moja popote inapoandikwa. Hakina herufi bubu. Silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, isipokuwa katika maneno machache ya mkopo na pale ambapo m au n husimama yenyewe kama silabi.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mpango, yaani kumwezesha mtoto kugeuza maandishi kuwa sauti, inapaswa kuwa fupi, ya kila siku na yenye mpangilio. Robo saa asubuhi inatosha, na mtoto anayefundishwa hivyo bila kurukaruka anaweza kuimaliza kwa miezi, si kwa miaka. Mpangilio usifuate alfabeti. Anza na irabu zote tano, kisha konsonanti chache zinazozaa maneno mengi. Irabu zikijumlishwa na m, k, t, l na b peke yake, mtoto anapata mama, kaka, bata, meli, kiti, kalamu, kilima na tikiti. Anapata hata sentensi kamili yenye wakati uliopita ndani yake: Mama alileta mkate. Hapo ni herufi tano za konsonanti tu, na tayari mtoto amesoma habari. Herufi zifundishwe kwa sauti zake badala ya majina yake, maana anayesoma m kwa jina halafu akaongeza a hapati ma. Kadi zinaweza kukatwa kutoka kwenye boksi la sabuni na kuandikwa kwa kalamu nene, silabi moja kila kadi, ili mtoto aziunganishe sakafuni kwa mikono yake mwenyewe.

Hapa pana mtego ambao sisi wenye lugha hii tumeuzoea kiasi cha kutouona. Wimbo wa ba be bi bo bu ni mzuri kwa masikio, lakini mtoto anaweza kuuimba kutoka mwanzo hadi mwisho huku akitazama dirishani. Vivyo hivyo anaweza kukariri ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la kwanza na akaonekana msomaji hodari mpaka umfungulie ukurasa mwingine. Dawa ni kuvuruga mfuatano. Mwonyeshe bo peke yake, kisha ti, kisha le. Mpe neno lisilo na maana, kama vile kabeti au molu, uone kama atalitamka. Anayeweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia ameshika kanuni. Anayeweza kusoma yale ya kitabuni tu bado anakumbuka. Kisha fanya kinyume chake kwa imla: wewe tamka, yeye aandike. Imla ya maneno manne kila siku humfunua mtoto kuliko mtihani wa mwisho wa mwezi, kwa sababu inaonyesha sauti ipi hasa haijakaa. Katika mambo ya sikio, watoto wa pwani wana hazina ambayo vitabu vya kigeni haviijui. Mchezo wa kinyume, ambamo silabi ya mwisho hutangulizwa na nyumba ikawa mbanyu, unamtaka mtoto akatekate neno kichwani kabla hajalisema. Mtoto anayecheza kinyume barabara ameshajua silabi ni nini, hata kama hajawahi kushika penseli.

Wepesi huo una mipaka. Mwaka huohuo wa 2003, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti juu ya makosa ya tahajia ya watoto wanaoandika Kiswahili, na kichwa cha makala yao kilisema wazi kwamba kujifunza tahajia ya lugha iliyonyooka si kazi ndogo. Mzazi anayekaa na mtoto wake kwenye imla ataona mwenyewe ugumu uko wapi. Uko kwenye sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili, kama ch, sh, ny, dh, th na gh. Uko kwenye ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, ambazo mtoto huzichanganya kwa sababu kwa jicho zinatofautiana alama ndogo tu. Uko kwenye mb na nd, ambapo wengi huandika herufi moja na kuacha ya pili. Uko kwenye mtoto, ambalo ni lazima lipigiwe makofi matatu, m-to-to, ndipo msomaji aache kuitafuta irabu isiyokuwapo. Na kwa watoto ambao lugha ya nyumbani haitofautishi r na l, au haina dh, ugumu unaanzia mdomoni kabla haujafika kwenye daftari. Ratiba iliyoigwa haina nafasi ya mambo haya hata moja. Mpango wa Kiswahili uyape wiki zake kamili, moja baada ya jingine, na usiyarundike yote katika somo moja la mwisho.

Halafu kuna urefu wa maneno, na hapa ndipo mtoto huachwa peke yake zaidi. Anayeanza kusoma hukutana mapema sana na neno kama hawakunisomea. Lina silabi saba, na ndani yake wamo watendaji, kanusho, wakati uliopita, mtendewa na kitendo chenyewe. Mtoto anayelisoma silabi kwa silabi, kwa mwendo wa pole, anafika mwisho akiwa ameshasahau mwanzo, na maana inamponyoka ingawa hakukosea sauti hata moja. Suluhisho ni kumjengea neno kama linavyojengwa katika lugha. Aanze na soma, aone somea, kisha nisomee, kisha alinisomea, kisha hawakunisomea, akizungushia duara kile kipande cha som kila kinapojitokeza. Baada ya majuma machache jicho lake linaanza kuona hawaku- kama kitu kimoja, na mwendo unaongezeka wenyewe. Ndiyo maana si haki kumpima mtoto wa Kiswahili kwa idadi ya maneno kwa dakika iliyowekwa kwa Kiingereza.

Miaka inayookolewa kwenye herufi iende wapi? Iende kwenye lugha. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili yanayozidishwa: uwezo wa kutamka kilichoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri. Katika Kiswahili, cha kwanza hupatikana upesi, na kwa hiyo tofauti kati ya wasomaji huamuliwa mapema na cha pili. Hivyo mpango wa siku uwe na kipindi cha pili, tofauti kabisa na kile cha silabi, ambamo mtu mzima anasoma na mtoto anasikiliza. Kitabu kinachosomwa hapa kiwe juu ya uwezo wa mtoto wa kujisomea. Mtoto anayehangaika na bata na meli anaweza kusikiliza hekaya za Abunuwasi na kucheka mahali panapostahili. Baada ya kusikiliza, asimulie. Asiulizwe maswali kumi ya mtihani. Aambiwe tu amsimulie bibi au mdogo wake kilichotokea. Vitendawili, methali zinazoelezwa kwa kisa, mazungumzo ya jikoni yenye majina kamili ya vyombo na vitendo badala ya leta hiki na weka pale, vyote hivyo ni masomo ya kusoma, ijapokuwa hakuna kitabu kilichofunguliwa. Kwa vitabu, mradi wa vitabu vya watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 umetoa hadithi nyingi za Kiswahili, na African Storybook inatoa hadithi za bure zinazoweza kuchapishwa au kusomwa kwenye simu.

Msomaji makini atauliza: kama Kiswahili ni chepesi hivyo kusoma, mbona watoto wengi wanakaa shuleni miaka bila kukiweza? Swali ni la haki. Uwezo, mpango uliopima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani mwao kwa majaribio ya kiwango cha darasa la pili, ulionyesha mara kwa mara kwamba wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi fupi. Lakini wepesi wa tahajia haufanyi kazi yenyewe. Unahitaji mtoto aone herufi kwa karibu, atamke peke yake na asahihishwe papo hapo. Katika darasa la watoto 80 wenye vitabu 10, linalobaki ni kuitikia kwa pamoja maandishi ya ubaoni. Kwa watoto wengi pia, Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Mahali ambapo mambo hayo yalirekebishwa, matokeo yalibadilika. Tusome, mpango wa kufundisha kusoma wa Kenya ulioanza mwaka 2015, ulitaka kila mtoto awe na kitabu chake, mwalimu awe na mwongozo na atembelewe darasani, na tathmini zilionyesha usomaji umepanda. Nyumbani, uwiano wa mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja upo tangu siku ya kwanza. Hata namna ya kupima inaweza kuigwa kutoka kwa Uwezo: silabi, maneno, aya, hadithi, kisha angalia anakwama ngazi gani.

Wengine watasema kwamba mtoto akianza na Kiswahili atachelewa Kiingereza, na Kiingereza ndicho cha sekondari na ajira. Wasiwasi huo unaeleweka, lakini unageuza mambo. Wazo kubwa kuliko yote katika kusoma ni kwamba alama hizi zinasimama mahali pa sauti, na mtu hulijifunza mara moja tu maishani. Anayelipata katika lugha anayoisema huingia nalo katika lugha ya pili akiwa tayari msomaji, na kazi inayobaki ni kuzoea tahajia mpya. Ndipo ile ratiba ya Kiingereza niliyoilaumu inapopata mahali pake halali, pamoja na orodha zake za kukariri. Mzazi atarajie tu kwamba mtoto atasoma maneno ya Kiingereza kwa irabu za Kiswahili kwa muda, na asimkemee kwa hilo. Mtoto wa ughaibuni huenda njia kwa kinyume, akijua Kiingereza cha shuleni kwanza. Huyo herufi hazitamsumbua sana, kwa hiyo saa zake nyingi ziende kwenye kusikiliza na kusimulia.

Pingamizi la mwisho ni la sheria na la uwezo wa mzazi. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 zinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anakwenda shule, kwa hiyo kwa familia nyingi za huku masomo ya nyumbani yatakuwa pembeni ya shule na si badala yake. Mpango ninaouelezea unatosha humo: robo saa ya silabi na imla, nusu saa ya kusomewa na kusimulia jioni. Mzazi wa darasa la saba anaweza kuufuata. Asiyejua kusoma naye ana nafasi yake katika kipindi cha hadithi, na dada mkubwa akashika kadi. Kazi moja tu asiifanye peke yake. Mtoto akifundishwa kwa mpangilio, kila siku, kwa miezi sita, na bado bo na do zinamchanganya, au hawezi kutenga sauti ya kwanza ya neno, apelekwe apimwe macho na masikio kabla hajaitwa mvivu, kisha mwalimu wa elimu maalumu aombwe ushauri.